Kisicho na jina kina ngeli gani?

Karatasi ya manila niliyoibandika ubaoni huko Mpale, Korogwe, haikuwa na picha ya kitu chochote. Nilikuwa nimepaka udongo mwekundu uliolowa, kwa kiganja, kutoka kona ya juu kushoto hadi karibu na katikati. Juu yake nikaburuza mkaa mshazari, mstari mmoja mnene usionyooka. Chini nikamwaga maji yaliyokorogwa buluu ya kufulia nguo, yakajichirizikia yenyewe kwa namna yalivyotaka. Ilikuwa haijakauka sawasawa. Tone moja la buluu lilikuwa bado linashuka kuelekea kwenye kingo ya ubao, na darasa zima la kidato cha pili lililitazama tone hilo kuliko lilivyonitazama mimi.

Niliwapa kazi ndogo. Waandike sentensi moja tu kuhusu kile walichokiona cheusi, na sentensi ianze na kitenzi. Marufuku kusema ni nini. Waseme kinafanya nini.

Ukimya ulioingia haukuwa wa uvivu. Kalamu zilikuwa mikononi, midomo inacheza. Hatimaye kijana wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, tuanze na ki- au na li-?"

Nimefundisha utungaji kwa miaka mingi, na hakuna swali la mwanafunzi lililonifunza kazi yangu kuliko hilo. Wenzetu wa nchi nyingine wanaoonyesha darasani michoro dhahania, ile isiyoigiza umbo la kitu, wana sababu zao: inachemsha hisia, inafungua ubunifu, haina jibu la makosa. Yote ni kweli, lakini maneno hayo yanaweza kusemwa kwa lugha yoyote, na kwa hiyo hayatuambii kinachotokea katika kichwa cha mtoto anayetunga kwa Kiswahili. Kinachotokea ni hiki: kitenzi chetu kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha mbele, na kiambishi hakipatikani bila ngeli, na ngeli hutolewa na jina. Mwenye jina hapati tabu. Gari linakwenda, mti unaanguka, mama anacheka. Anayetazama weusi usio na jina hana pa kushika. Kabla hajasema unafanya nini, lazima aamue ni wa aina gani ulimwenguni.

Na uamuzi huo ndio mwanzo wa hadithi.

Tuchukue kitenzi kimoja, kupanda. Akiandika "kinapanda", ameshakifanya kitu; pengine kidogo, pengine cha kudharaulika, kinachojikokota mlimani. Akiandika "linapanda", kimevimba. Sasa kuna uzito, kuna kivuli, na msomaji anataka kurudi nyuma hatua moja. "Anapanda": ameshapuliza pumzi ndani ya mkaa, kuna mtu au mnyama, na mwenye uhai ana anakotoka na ana anachotaka. "Yanapanda": ni maji, au moshi mwingi uliogeuka mawimbi, au mambo, au majeshi. Herufi moja au mbili, nchi nne tofauti. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha ngeli namna hiyo. Mimi nilizikariri kama orodha ya dukani: M-WA, M-MI, KI-VI, LI-YA, na bakora ilikuwa karibu.

Kisha kuna ngeli ambayo vitabu huimalizia mwishoni, haraka haraka, kama makombo: ya mahali. Msichana mmoja wa safu ya nyuma hakutumia ki- wala li-. Aliandika hivi: "Panawaka bila moto. Kunanuka mvua. Ndani mnangojwa." Hebu mtazame. Wenzake wote waliuona weusi kama kitu kilichowekwa juu ya wekundu. Yeye aliuona kama mahali pa kuingia. Na akatumia zote tatu, pa- ya hapa penyewe, ku- ya huku kote, mu- ya ndani, kila moja kwa kazi yake, bila kosa hata moja. Nilimwuliza: "Mnangojwa nani, mwanangu?" Akatikisa kichwa. Nikamwuliza: "Basi ndani ni wapi?" Akaja ubaoni akaweka kidole pale mkaa ulipopita juu ya udongo ukaacha ufa mwembamba wa karatasi nyeupe. Mimi niliyeichora nilikuwa sijauona ufa huo.

Lazima nikiri kwamba hata swali langu liliwaibia kidogo. Nilisema "kile cheusi", "kinafanya nini". Kiswahili kikikosa jina hukimbilia kitu, na ki- huwa imeshajipenyeza kabla hujafunga mdomo. Kichwa cha safu hii nacho kina dhambi hiyo hiyo. Siku hizi sisemi neno lolote. Naonyesha kwa mkono.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini uhangaike na udongo na mkaa wakati picha nzuri zipo? Tuna Tingatinga zetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kupaka rangi za mafuta za kupakia nyumba juu ya vipande vya bodi mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na leo mtindo wake unatambulika dunia nzima. Nimezitumia darasani. Weka twiga wa Tingatinga mbele ya watoto arobaini utapata insha arobaini zinazoanza "Hii ni picha ya twiga", kisha twiga ana shingo ndefu, kisha twiga ni nembo ya taifa letu, kisha tuwalinde wanyama wetu ili watalii waje. Ubaya si wa mchoro. Jina limetangulia, na jina huja na mizigo yake yote iliyokwisha kufungwa na watu wengine. Mtoto haoni tena ule mstari wa mgongo unavyopinda. Anaona neno twiga na yote aliyokwisha kuambiwa chini ya neno hilo.

Hali ni mbaya zaidi kwa kijana wa sekondari, ambaye tangu kidato cha kwanza masomo yake karibu yote yamehamia Kiingereza na Kiswahili kimebaki kipindi chake chenyewe. Katika kipindi hicho kimoja tunamfundisha insha kwa vipande vilivyookwa tayari. Jogoo aliwika, nilidamka alfajiri na mapema, jua lilichomoza kwa madaha, na mwisho wahenga walinena. Namjua mwanafunzi aliyetumia jogoo huyo huyo katika insha ya harusi, ya ajali na ya siku aliyokwenda kumwona babu yake hospitali. Jogoo wa kuazima. Mbele ya manila ya udongo na mkaa huyo jogoo hana pa kusimama, maana hakuna alfajiri wala banda.

Wapo watakaosema hii ni sanaa ya Ulaya, mambo ya wachoraji Kandinsky na Malevich, itafute makao yake huko. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Korogwe na Handeni ni mahali pabaya sana pa kutolea hoja hiyo.

Mwaka 1956 wachapishaji Faber and Faber wa London walitoa kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila na jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu kinahusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya jando na unyago, na miongoni mwa watu ambao vinyago vyao vimo humo ni Wasambaa na Wazigua, yaani mababu na mabibi wa watoto hawa hawa ninaowafundisha. Sitaeleza ya jandoni, yana wenyewe. Nitasema lile tu linaloihusu kazi ya utungaji. Mwari alionyeshwa kinyago. Kinyago kilikuwa na wimbo wake. Vingine vilikuwa na sura ya mnyama, ya mtu, ya chombo cha nyumbani, na vingine usingeweza kukisia ni nini mpaka uusikie wimbo. Na hata chenye sura ya mnyama, mafunzo yake hayakuwa juu ya mnyama. Yalikuwa juu ya namna ya kuishi na mume, na mke, na wakwe, na wazee. Umbo liliwekwa mbele ya macho ili neno lipate pa kuning'inia.

Huo ndio ufundi wenyewe: umbo lisilojieleza, kisha maneno. Neno kinyago na neno unyago hayakukaa jirani kwa bahati mbaya. Na mtindo huo haukuishia porini. Kila anayetega kitendawili anafanya jambo la ukoo mmoja: anakupa nyumba isiyo na mlango, anakuficha yai. Kitendawili ni mchoro wa maneno uliofutwa jina.

Tofauti ipo, na ni kubwa, na anayeipuuza anawadanganya wazazi. Kungwi alijua jibu. Wimbo ulikuwa mmoja, uliorithiwa, na mwari alipaswa kuushika kama ulivyo, akikosea anasahihishwa. Kitendawili nacho kina jibu moja, na ukishindwa unatoa mji. Mimi ninapobandika manila yangu sina jibu mfukoni. Nimechukua nusu ya mila na kuiacha nusu nyingine, na sina haja ya kujifanya nimeirithi nzima. Ila nusu niliyoichukua inatosha kumjibu anayesema watu wa hapa hawakuzoea kufikiri kwa maumbo yasiyosema jina lake. Wamakonde nao wana vinyago vya mtindo uitwao mawingu, mti uliochongwa na kutobolewa hadi huoni mtu wala mnyama, na wanunuzi hawakuvikimbia.

Njia hii imewahi kupitwa kinyumenyume pia, hapa hapa Afrika Mashariki. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia tukio kwa maneno, wao wanalitazama kwa jicho la ndani, kisha wanachora. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa 1923 na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, alitoka katika darasa hilo. Mchoro wake wa 1956, wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, umo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Trowell alianza na neno akafika kwenye rangi. Sisi tunaanza na rangi. Lakini wote tunatega pengo lile lile: pale ambapo mwanafunzi hana cha kunakili, analazimika kutoa chake.

Nilifanya kosa moja mapema, katika shule nyingine mbali na hapa, na nalisimulia kwa sababu nawaona wenzangu wakilirudia. Nilipata kitabu chenye picha ya mchoro dhahania wa rangi nzuri, nikaupitisha dawati kwa dawati, na kwa kiherehere changu nikatafsiri jina lake: Huzuni. Kwisha. Insha zote zikawa msiba. Mjomba alifariki, shangazi alifariki, mbuzi alifariki. Rangi ya manjano iliyojaa nusu ya ukurasa haikuonekana na mtu yeyote. Kichwa cha mchoro ni jina lile lile tulilokuwa tunalikimbia, limeingia kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo nafunika kichwa kwa kidole gumba, au nabandika mchoro wangu mwenyewe ambao hauna kichwa cha kufunikwa.

Na nikiona darasa limeshaupa jina, wamekubaliana kimyakimya kwamba ni barabara ya vumbi au ni damu, nautoa ukutani na kuugeuza ubavu. Hila hii nimeipata kwa Kandinsky mwenyewe. Katika kumbukumbu alizochapisha 1913 anasimulia kwamba jioni moja mjini München aliingia chumbani kwake akakuta mchoro mzuri wa ajabu ambao hakuutambua, maumbo na rangi tupu. Alipousogelea akaona ni wake, umeegemezwa kwa ubavu. Kesho yake mchana alijaribu kuuona tena vile, akafaulu nusu tu, kwa sababu sasa vitu vilikuwa vimerudi. Watoto wa Mpale nao, manila ikigeuzwa, buluu ikapanda juu na udongo ukalala, huguna kwa pamoja. Barabara imekufa. Inabidi waanze upya.

Hoja nzito zaidi ni ya kuropoka. Mwalimu mmoja mzee, mtu ninayemheshimu, aliniambia: "Mdogo wangu, ukiwaachia waandike lolote, watakuandikia lolote." Ana haki. Baadhi ya walioandika mashairi huru baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 walidhani uhuru ni kukata mstari popote pumzi inapoisha. Kezilahabi hakuwa mmoja wao, lakini lawama alibeba yeye. Mchoro usio na jina unaweza kumpa mvivu kisingizio cha maisha. Maneno makubwa yanajipanga: ulimwengu, giza, mateso, tumaini. Yanasikika vizuri na hayaonyeshi chochote.

Dawa yangu ni kidole. Kila sentensi lazima iwe na kidole chake. Ukiandika "wanagombana", njoo uonyeshe wapi. Ukiandika "amechoka", weka kidole palipochoka. Wengi hufika ubaoni, wakasimama, wakarudi kukata sentensi yao wenyewe bila kuambiwa. Wengine hufika wakaona kingine, kama yule wa ufa. Nidhamu hii ni kali kuliko ya insha ya jogoo, maana jogoo hakuna aliyewahi kudaiwa amwonyeshe. Pia hutoa vitenzi. Mtoto aliyezoea "kulikuwa na" akiambiwa aonyeshe mkaa unafanya nini, huanza kutafuta: unapasua, unakwaruza, umejilaza, umeegemea, unanyemelea. Na tanakali: buluu ile ilianguka chururu, udongo umebandikwa pwaa. Neno likimjia kwa Kisambaa au Kizigua, na humjia, aliandike hivyo hivyo kwanza. Lugha hizo nazo zina ngeli, mtoto ameota nazo mdomoni, na mara nyingi kiambishi alichokichagua nyumbani ndicho kinachomwonyesha njia ya neno la Kiswahili. Tutalitafuta rasimu ya pili.

Mtihani? Mtihani utauliza umuhimu wa elimu na athari za kukata miti, na mwanafunzi atajibu. Sijaona aliyejifunza kuchagua kitenzi akapungukiwa katika kueleza athari za kukata miti. Ninaloliona ni kwamba vipindi viwili kwa mwezi vinatosha. Ukifanya kila wiki wanazoea, na wakizoea wanaanza kuandika "kinapanda" bila kutazama, jogoo mpya.

Vifaa havina gharama. Manila moja, ukitumia pande mbili, ni vipindi viwili. Mkaa uko jikoni kwa mpishi wa shule. Udongo wa hapa ni mwekundu wa kutosha. Ukiwa huna hata manila, toka nje na darasa. Ukiteremka barabara ya kutoka Korogwe kwenda Segera mchana wa kiangazi, shamba la mkonge ni mistari ya kijani kibichi juu ya wekundu mpaka macho yanaposhindwa. Kampuni za Wajerumani zilianza kuipanda nchi hii kwa kamba iliyonyooshwa tangu miaka ya 1890, na Mondrian, yule mchoraji wa mistari iliyonyooka, alikuwa bado anachora miti. Mwambie mtoto asiseme mkonge. Usiogope kwamba atapotea. Shaaban Robert, mzaliwa wa mkoa huu huu wa Tanga, mwaka 1951 aliwapa wasomaji Kusadikika, nchi inayoelea angani ambayo hakuna aliyeiona, nao walitembea ndani yake kama nyumbani.

Walimu wengine wanaogopa kwa sababu hawajui kuchora. Kinyago umekichonga mwenyewe, kikutishe? Kadiri usivyojua ndivyo bora. Mwalimu hodari wa kuchora mkono wake hujisahau ukachora ng'ombe.

Nirudi kwa yule kijana wa dawati la mbele. Sikumjibu swali lake la ki- na li-, nilimwambia aamue. Wiki mbili baadaye alileta kurasa tatu za kauntabuku kuhusu ule weusi. Nilizisoma nikiwa nimesimama, nje ya ofisi ya walimu, watoto wanapita na ndoo za maji. Ukurasa wa kwanza wote ni ki-: kinalala, kinaviringika, kinaota vumbi, hakitakiwi na mtu. Ukurasa wa pili, mstari wa tano, karatasi ilikuwa imechanika. Alikuwa amefuta, akaandika, akafuta tena mpaka raba ikatoboa, kisha akabandika kipande cha karatasi kwa nyuma na kuandika juu yake herufi moja, a, halafu neno lililobaki: ameamka.

"Mwalimu," aliniuliza, "inaruhusiwa kubadili ngeli katikati?"